Dada anasikia baridi jua la mchana, yuko kwenye Keytruda: ni taifodi au ni kinga yake?

Swali la msomaji:

"Shikamoo dokta. Naandika toka Sakina, Arusha. Dada yangu ana miaka 43, mwaka jana aligundulika kansa ya titi la kushoto, wakasema ni ile ya hasi tatu. Alipata kemo pamoja na Keytruda, akafanyiwa opareshen, saivi anaendelea na Keytruda peke yake na amebakiza 5. Familia ndo tunachanga. Tangu mwezi uliopita amebadilika, anachoka hata kukunja nguo hawezi, anasikia baridi mchana, uso umevimba, sauti imekuwa nzito kama ya mwanaume, choo hapati siku 4. Zahanati walisema taifodi, amemaliza dozi 2 za sipro hakuna kitu. Walimchoma na deksa akapata nafuu siku 2 akarudi vilevile. Wiki hii akisimama anapata kizunguzungu, asubuhi anatapika, jana presha ilikuwa 86 kwa 52. Jirani yetu alichomwa Herceptin mwaka mzima hakupata shida hizi. Ndugu wanasema hiyo dawa inafanya mwili ujile wenyewe, aache. Wameshamnunulia na dawa ya kuongeza kinga. Ni kweli? Aache?"

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, pole sana, na dada mpe pole. Kabla hujasoma haya mengine, fanya kitu kimoja, mpeleke dada hospitali leo. Usingoje Jumatatu wala mchango ukamilike, leo. Baridi, sauti nzito na choo kigumu vingeweza kusubiri siku mbili tatu za kupanga vipimo, ila hicho kizunguzungu akisimama, kutapika asubuhi na presha ya 86 kwa 52 kwa mtu aliye kwenye Keytruda mimi vinanitisha. Msirudi zahanati, nendeni hospitali kubwa iliyo karibu, kwenu hapo Mount Meru au ALMC, alafu mkiwa njiani mpigie simu daktari wake wa saratani.

Mkifika usianze kwa kusema "ana taifodi haiponi", mana ukisema hivo watakuandikia ya tatu. Sema hivi: dada yangu ana kansa ya titi, anatumia dawa ya kinga inaitwa pembrolizumabu, yani hiyo Keytruda, sindano ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, ana presha ya kushuka na anatapika, daktari ameshauri aangaliwe tezi za juu ya figo. Waombe kipimo cha kotisoli (homoni ya tezi hizo za juu ya figo), sodiamu, potasiamu, sukari, TSH (amri inayotoka kichwani kwenda tezi ya shingo) na FT4 (homoni yenyewe ya tezi ya shingo). Na uwaambie alichomwa deksa lini, siku gani hasa, ntakueleza kwa nini huko mbele. Kama yuko hoi hawatakiwi kusubiri majibu, wanachukua damu ya kotisoli alafu wanampa haidrokotizoni, yani kotisoli ya dawa, 100 mg kwenye mshipa na dripu ya chumvi palepale, majibu yatakuja yenyewe. Hiyo sindano ni ya kawaida, na akipewa mtu ambaye kumbe hakuihitaji, dozi hiyo moja haimdhuru.

Haya, kama umeshapanga usafiri tuendelee.

Ndugu zako wanaposema mwili unajila wenyewe hawajakosea sana, ila wameshika kipande tu cha habari. Pale kwenu si watu wanafuga mbwa wa ulinzi? Mchana wamefungwa, usiku wanafunguliwa. Kinga ya mwili ndo mbwa hao. Kwenye chembe za kinga kuna kitu kinaitwa PD-1, chukulia ni mnyororo, kazi yake ni kuwazuia mbwa wasing'ate kila anayepita, na ni kitu kizuri kabisa tumezaliwa nacho. Shida ni kwamba kansa imejifunza kuushika huo mnyororo, inapita mbele ya mbwa inawavuta nyuma, wanaiona na hawaigusi. Pembrolizumabu inakata mnyororo. Mbwa wanamrukia mwizi, na ndo tunachotaka, ila mbwa hao hao hawamjui vizuri binamu anayerudi saa 6 usiku, na yeye anang'atwa. Binamu hapo ni tezi ya shingo, tezi za juu ya figo, utumbo, ini, mapafu, ngozi, kiungo chochote kile kinaweza kupitiwa. Aliyeigundua PD-1 ni Mjapani, Tasuku Honjo, mwaka 1992, na mwaka 2018 alipata Nobel pamoja na Mmarekani James Allison kwa kazi hii ya kufungua kinga dhidi ya kansa. Kwaiyo hii siyo sumu ya mtaani, ni dawa yenye nguvu ya kweli na madhara ya kweli, na yote mawili yanatoka mahali pamoja.

Sasa jirani yenu wa Herceptin. Naomba mumheshimu ila msimlinganishe na dada, mana kansa ya titi siyo ugonjwa mmoja. Yeye kansa yake ilikuwa na protini inaitwa HER2 nyingi juu ya chembe, ambayo ni kama wagonjwa 15 hadi 20 kati ya 100, na Herceptin, yani trastuzumabu, inalenga hiyo HER2 moja kwa moja. Ipo tangu 1998. Ile haifungui mbwa kwa namna hii, hofu yake kubwa ni moyo kupungua nguvu ya kusukuma damu, ndo mana alikuwa anapigwa eko ya moyo kila baada ya miezi 3 hivi, na nguvu hiyo mara nyingi inarudi dawa ikisimamishwa. Kuna ndugu zake wapya, Kadcyla inasumbua ini na chembe sahani, zile za kugandisha damu, Enhertu inaweza kuwasha mapafu, kwaiyo mtu wa Enhertu akianza kikohozi kikavu asijipe siku hata mbili. Dada yako wa hasi tatu hana HER2 ya kulenga wala vipokezi vya homoni, ndo mana akapewa dawa inayopitia kwenye kinga. Magonjwa mawili, dawa mbili, madhara tofauti kabisa, jina tu ndo moja.

Tuje kwa dada mwenyewe. Nikisoma ulichoandika naona mambo mawili yamepandana.

La kwanza ni tezi ya shingo. Kati ya tezi zote hii ndo inang'atwa zaidi. Kwenye ule utafiti mkubwa uliofanya dawa hii iruhusiwe kwa kansa ya titi ya mapema ya hasi tatu, watu 1,174, Marekani wakaikubali Julai 2021, wagonjwa kama 15 kati ya kila 100 waliopewa pembrolizumabu tezi yao ilishuka. Kumi na tano. Yani ukiingia kliniki ukakuta benchi la wakina mama 7 wa dawa hii, mmoja tezi yake inakwenda chini, na uwezekano mkubwa hajaambiwa. Inaanza kimyakimya, mara nyingi wiki za mwanzo tezi inavuja homoni zote kwa pamoja, mtu moyo unaenda mbio, anatoka jasho, anapungua, watu wanasema ni wasiwasi wa ugonjwa, alafu homoni zikiisha anageuka upande wa pili, baridi, uzito, usingizi, sauti ya kukwaruza, nywele kukatika, choo kigumu, uso kuvimba.

Mama mmoja hatoki kichwani kwangu. Ilikuwa Februari, na Moshi ya Februari mnaijua, watu tunajipepea na mafaili, feni ya dari inazungusha joto tu. Yeye aliingia na sweta zito la shingo ndefu, juu yake kitenge, juu yake mtandio, na mikono kaificha ndani. Nilimshika mkono kumsalimia, ngozi imekauka kama ganda la ndizi lililoanikwa, baridi kabisa. Akaniambia "dokta mie nadhani damu imeisha". Alikuwa ametumia antibayotiki mara 3 kutoka sehemu 3 tofauti, taifodi, UTI, alafu taifodi tena. Nikamgonga na kinyundo nyuma ya kifundo cha mguu, mguu ukaruka vizuri, ila kurudi ukarudi polepoleee, kama mtu anayefikiria kwanza. Hiyo ndo tezi iliyolala, unaiona kwa macho kabla maabara haijakwambia. Wiki 6 baada ya kuanza kidonge alikuja amevaa gauni la mikono mifupi na amekasirika na mimi kwamba namweka foleni ndefu, nikafurahi sana kuona ana nguvu za kukasirika.

Hapo niseme kidogo kuhusu hii taifodi yetu. Kile kipimo cha damu cha matone kinachofanywa kwenye zahanati nyingi, Widal, kinaweza kusoma chanya kwa mtu ambaye hana taifodi hata kidogo, kwa sababu aliwahi kuugua zamani au amekutana na vijidudu vinavyofanana. Kwa mtu mwingine madhara yake ni pesa na sipro za bure. Kwa mgonjwa wa Keytruda madhara yake ni muda, na muda ndo kitu hatuna. Simlaumu mhudumu wa zahanati mana hakuna aliyemwambia dawa hii inafanya nini, ila ninyi saivi mnajua, mwambieni.

La pili, na ndo lililofanya nikutoe mbio hapo juu, ni kotisoli. Hii ni homoni ya tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na bosi wake yuko kichwani, tezi ya pituitari. Mbwa wanaweza kung'ata tezi zenyewe au wakamng'ata bosi, vyovyote vile kotisoli inakauka. Mtu bila kotisoli presha haikai, sodiamu inashuka, sukari inashuka, anatapika, hana hamu ya kula hata mtori, na akipata mafua tu au kuharisha anaweza kuanguka na kupoteza maisha. Siyo wengi, kwenye utafiti ule ule walikuwa kati ya 2 na 3 kwa kila 100, ila kati ya madhara yote ya dawa hii hili ndo linalofanana kabisa na "uchovu wa kansa" na ndo watu wanaliacha.

Na ile deksa. Umeandika kwa kupita tu kwamba alichomwa akapata nafuu siku 2, kwangu mimi hicho ni kidokezo kikubwa kuliko vyote ulivyosema. Deksa ni ya ukoo mmoja na kotisoli. Mwili uliokuwa na kiu ya kotisoli ukipewa deksa unaamka, siku mbili mtu anafagia uwanja, ikiisha anaanguka tena. Siyo uthibitisho mana deksa inampa karibu kila mtu nguvu kidogo, ila kidokezo. Lakini deksa hiyo hiyo inazizima tezi kwa muda, kwaiyo kotisoli ikipimwa siku ileile au kesho yake itasoma chini hata kwa mtu mzima wa afya. Ndo mana nimesema watajie tarehe. Na naomba sana, asichomwe tena deksa ya kienyeji dukani.

Sasa hapa kuna mtego ambao hata sisi madaktari tunaingia. Tuseme wamepima TSH tu, ikaja juu, yani kichwa kinaipigia kelele tezi ya shingo iliyolala, wakafurahi, "tumepata, ni tezi", wakampa thairoksini akarudi nyumbani. Kama kotisoli nayo iko chini, kidonge cha tezi kinaamsha mwili, mwili ulioamka unaunguza kotisoli kidogo iliyobaki haraka zaidi, na baada ya siku chache mnamleta kwa machela. Kwaiyo utaratibu ni kotisoli kwanza, kama iko chini anaanza haidrokotizoni, zikipita siku chache ndo thairoksini inafuata. Ukisahau yote niliyoandika leo usisahau hilo. Na TSH peke yake inaweza kudanganya, mana kama bosi wa kichwani ndo kang'atwa, TSH inaweza kuonekana ya kawaida au hata chini wakati homoni yenyewe haipo, ndo mana nikakwambia waombe na FT4. Kuna maabara watakwambia TSH inatosha. Kwa dada haitoshi.

Viungo vingine ntavipitia haraka ila vikumbuke mana bado ana safari. Utumbo: hesabu choo, akienda mara 4 hadi 6 zaidi ya kawaida yake kwa siku apige simu siku hiyo hiyo, akifika 7 au kuna damu ni hospitali, na asimeze Flagyl na vidonge vya kufunga tumbo kimyakimya nyumbani. Mapafu: kikohozi kikavu kipya, au ngazi alizokuwa anapanda saivi anasimama katikati, hapo kwetu watawaza TB na wako sahihi kupima TB, ila wapige na picha ya kifua wakijua na dawa. Ini: macho ya njano, mkojo kama kokakola. Sukari: hii ni nadra sana ila inakuja kwa kasi ya kutisha, kiu, kukojoa usiku kucha, kupungua ndani ya siku chache tu, alafu anapumua kwa nguvu, na dawa yake ni insulini, vidonge vya sukari havifai hapo. Moyo: nadra pia, ila maumivu ya kifua, mapigo kuruka, kope za macho kushuka au shingo kukosa nguvu, mbio hospitali. Ngozi kuwasha na vipele ndo vya kawaida, vingi vinaisha kwa krimu, isipokuwa vikianza malengelenge au vidonda mdomoni.

Na homa. Sisi tuko Tanzania, homa ni malaria hadi ipimwe, sawa, pimeni. Ila malaria ikisoma hasi msitibu malaria.

Sasa swali lako kubwa, aache? Jibu langu ni kwamba sindano inayofuata isubiri hadi presha ikae sawa na majibu yatoke. Hiyo ni kuahirisha, na kuahirisha wiki chache kwa sababu kama hii tunafanya kila siku. Kuacha kabisa ni jambo lingine na inategemea kiungo gani kimeumia. Tezi ya shingo na tezi za figo, mtu akishawekewa homoni yake na akatulia, mara nyingi tunaendelea na dawa vizuri tu, mana homoni inayokosekana tunaweza kuirudisha kwa kidonge. Moyo ukiwaka tunasimamisha moja kwa moja. Mapafu, ini na utumbo inategemea ukali, vikali sana hatumrudishii tena.

Uliandika ndugu wanasema aache. Nawaelewa, mnachanga pesa nyingi alafu mnamwona dada anazidi kuisha, yeyote angeuliza. Ila naomba kikao kifanyike mkiwa na daktari wake mezani na mumwulize swali hili hasa: nyama iliyotolewa kwenye opareshen ilikuwa bado na kansa hai, au ilikuwa imeisha yote? Majibu yapo kwenye karatasi ya patholojia. Kama ilikuwa imeisha yote, hali yake ya mbele ni nzuri zaidi, na kama mwili umegoma kabisa daktari anaweza kukubali kuishia hapo bila hofu kubwa. Kama ilikuwa imebaki, mzani unageuka na mtajadili kwa namna nyingine. Utafiti wenyewe ulitoa sindano 8 kabla ya opareshen na 9 baada, zote kama furushi moja, haukupangwa kuonyesha zipi zilichangia kiasi gani, kwaiyo mtu akiwaambia "akikosa hizi 5 kansa inarudi" anasema asichokuwa nacho. Kilichoonekana ni kwamba baada ya miaka 5, waliokuwa hai ni kama 87 kati ya 100 kwa waliopata dawa na kama 82 kwa waliopata kemo bila hiyo. Hao 5 kwa kila 100 ni watu kweli, mama zetu. Na upande wa pili, waliopata madhara makali ya kinga walikuwa kama 13 kwa kila 100. Namba zote mbili muwe nazo mkononi mkiamua.

Kuacha dawa pia hakuzimi moto siku hiyo hiyo. Dawa inakaa mwilini wiki nyingi, na mbwa walioshazoea kutembea huru hawarudi bandani kwa sababu tu umenunua mnyororo mpya. Tunaona madhara mapya yanaanza miezi baada ya sindano ya mwisho, wengine hata mwaka umepita. Kwaiyo dada akimaliza au akiacha, bado ni mgonjwa wa Keytruda kwa muda mrefu. Mwandikieni kikaratasi kikae pamoja na kadi yake ya bima, jina la dawa, tarehe ya kwanza na ya mwisho, namba ya simu ya daktari, na kama ameanza haidrokotizoni kiandikwe kwa herufi kubwa.

Hiyo dawa ya kuongeza kinga mliyomnunulia, iwekeni kabatini. Naelewa mliinunua kwa upendo, na nimeona zinavyouzwa kwenye kila stendi toka Kilombero hadi Himo. Ila fikirini mfano wa mbwa, shida ya dada saivi ni kinga iliyofunguliwa kupita kiasi, sasa mnamwongezea nini? Alafu mitishamba mingine inapandisha vipimo vya ini, tukiona ini limepanda hatujui tumlaumu nani, Keytruda au chupa ya kijani. Mlonge wa kwenye mboga ale, hiyo ni mboga.

Kuhusu dawa atakazopewa. Kama ni utumbo, ini au mapafu, dawa ya kuwarudisha mbwa ni prednisoloni, na dozi yake huwa inawashtua watu, mg 1 hadi 2 kwa kila kilo, mtu wa kilo 60 ni vidonge 12 vya mg 5 kwa siku, wakati mwingine 24. Mfamasia anaweza kuwauliza mara mbili kama ni kweli, ni kweli. Inapunguzwa polepole kwa wiki 4 hadi 6 au zaidi, akiiacha ghafla sababu amepona, ugonjwa unarudi na tezi za figo zinamgomea kwa pamoja. Kabla au mara tu anapoanza apimwe homa ya ini B, HIV, TB na sukari. Na kama amewahi kulima mpunga peku, Mabogini, Kahe, popote pale, aseme, mana kuna mnyoo mdogo sana unaoingia kwa kutoboa ngozi ya mguu, unaweza kukaa tumboni miaka bila shida, alafu ukikutana na prednisoloni nyingi unazaliana na kusambaa mwili mzima. Unatibika kwa ivermektini, ni swali la nusu dakika tu.

Kwa dada, nikibahatisha kwa maelezo yako, ni haidrokotizoni na thairoksini, na zote mbili huenda zikawa za maisha, mana tezi zikishang'atwa na dawa hizi mara nyingi hazirudi. Usimwambie kwa sauti ya msiba. Thairoksini ni kidonge kimoja asubuhi na maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai, na maziwa, vidonge vya damu, vya kalsiamu na uji wa lishe wenye soya vikae mbali nacho kwa masaa kama 4, mana vinakishika hakiingii mwilini. Nimeona mtu tunampandishia dozi kila mwezi kumbe anakishushia na uji wa soya. Haidrokotizoni kubwa inamezwa asubuhi, ndogo mchana, na siku ana homa anameza mara mbili yake, akitapika hawezi kumeza ni sindano na hospitali. Asiruhusu hata siku moja iishe ndani ya nyumba. Vyote viwili bei yake haifiki hata kwenye kivuli cha mnachochangia Keytruda.

Kuanzia sasa kabla ya kila sindano damu ichukuliwe, FBP (picha kamili ya damu), ini, figo, sukari, sodiamu, na tezi kila baada ya wiki 6 hivi. Kama walipokuwa wanamchoma hawakupima tezi hata mara moja, ombeni bila woga.

Nimekuandikia mengi, na najua utakuwa unasoma ukiwa kwenye benchi la mapokezi. Mpe dada maji yenye chumvi kidogo akiweza kumeza, asisimame ghafla, alale miguu juu kidogo mkimsafirisha. Majibu yakitoka niandikie namba zenyewe, kotisoli na saa iliyochukuliwa, sodiamu, TSH, FT4, pamoja na tarehe ya ile deksa. Na uniandikie presha ya leo ilivyosoma walipompima mlangoni.